Picha ya Bibi Gazetini

Mwezi uliopita nilipita Karatu kumtazama mgonjwa, nikamwomba dereva anishushe mahali ilipokuwa shule yetu. Sasa pana hoteli ya watalii. Nilisimama nje ya ukuta, vumbi lile jekundu likiniingia viatuni, na mambo niliyodhani nimeyasahau yakanirudia yote kwa mara moja.

Karatu ile hukuijua, rafiki yangu. Palikuwa na maduka machache, baridi ya asubuhi, na harufu ya mahindi mabichi yakichomwa. Nilikaa kwa shangazi, nikisoma darasa la nne. Likizo ikifika nilipanda lori hadi Ngorongoro, kisha baba akanipokea, tukatembea kwa miguu hadi Kakesio, kwa bibi yangu mzaa baba. Huko ndiko ndugu zangu walikopelekwa mwaka wa 1959, walipotolewa Serengeti ili ibaki mbuga ya wanyama tu. Nakumbuka moshi ambao bibi alifukizia vibuyu vya maziwa, na maji tuliyobeba kutoka mbali, yenye chumvi, yasiyokata kiu.

Likizo moja alikuja mwandishi wa gazeti pamoja na ofisa wa serikali, karani wake na askari mmoja. Walimkuta bibi mlangoni akikanda kinyesi cha ng'ombe cha kuzibia paa. Mwandishi akasema kwa Kiswahili, "Mwulizeni anaonaje makao mapya."

Karani akamwuliza kwa Kimaasai. Bibi akanyoosha mgongo, akajibu polepole, kama mtu aliyesubiri siku nyingi kuulizwa: "Mwambie ndama wanakufa kwa maji haya. Mwambie nataka kurudi nilikozalia watoto wangu."

Karani akamtazama ofisa, kisha akamgeukia mwandishi. "Anashukuru. Anasema hapa ni pazuri."

Bibi hakujua Kiswahili. Pale uani, ukiwaacha wageni, ni mimi peke yangu niliyesikia lugha zote mbili. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Mtoto haingilii mazungumzo ya wakubwa, ndivyo nilivyolelewa, tena bunduki ya askari wao niliiona ndani ya gari. Wakampiga bibi picha. Alitabasamu, kwa sababu aliamini ujumbe wake umefika.

Shule ilipofunguliwa, mwalimu wetu alileta gazeti darasani. Lilikuwa na picha ya bibi, na chini yake maneno ya karani. Nililia hadi mwalimu akanitoa nje, nikamweleza.

"Una hakika hakusema hivyo?"

"Nilikuwepo, mwalimu."

Akachukua karatasi, tukaandika barua kwa mhariri, maneno ya bibi kama alivyoyasema. Kila gazeti lililofika dukani kwa jirani yetu nililisoma hadi matangazo ya mwisho. Barua yetu haikutoka. Ila mwalimu aliitwa katika ofisi ya serikali, na kabla muhula haujaisha akahamishiwa mbali. Aliondoka bila kutuaga.

Niliporudi Kakesio, gazeti lilikuwa limetangulia. Wazee walikuwa wameomba mkutano kulalamikia maji, na ofisa akawaonyesha ile picha. "Mbona mama huyu ameridhika?" Rafiki ya bibi, jirani waliyekamua naye ng'ombe tangu usichana, alihamisha njia yake ya kwenda majini ili asipite mlangoni petu.

Usiku bibi aliniuliza, "Wewe uliyesoma, ni kweli nimeandikwa hivyo?"

Nikamwambia ni kweli. Nikamwambia pia kwamba nilimsikia karani akibadilisha, nikanyamaza. Hakunigombeza. Akanifunika shuka, akageukia ukutani.

Alifariki kabla ya uhuru, na jirani yule hakuja kutupa pole.

Boma lile halipo tena, hata miiba ya ua wake imeoza. Mwandishi, ofisa na karani sijui waliishia wapi. Nimesikia magazeti ya zamani yametunzwa katika maktaba huko Dar es Salaam, na anayetaka anaweza kusoma kwamba bibi yangu alishukuru. Alichosema kweli hakikuchapishwa popote. Waliomsikia pale nyumbani wamekufa, nimebaki mimi, na juzi nilipotaka kukirudia kwa Kimaasai, kama alivyokitamka yeye, baadhi ya maneno hayakunijia.