Gari la Baba Mkwe Lililokimbia na Wigi Langu

Jamani, hili nimelificha miaka, na hata sasa nikilisimulia masikio yananichemka, lakini nyie ni watu wangu, kaeni niwaambie siku nilipopelekwa ukweni Njiro kutambulishwa, nikatambulika kuliko nilivyotaka.

Ilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa njia, kila mwenye ndugu Dubai analetewa kitu, na baba yake mchumba wangu Elirehema (mzee wa Kimeru, mstaafu wa serikali, sauti nzito kama ya mahubiri) aliletewa na mwanawe mkubwa gari la kuchezea la rimoti. Msidhani lilikuwa la wajukuu. Lilikuwa la mzee mwenyewe, wajukuu waliruhusiwa kulitazama tu. Siku hiyo mtoto mmoja wa ukoo alikuwa amebatizwa, uani pamejaa wageni kutoka Maji ya Chai, mchungaji yupo, na mzee akasimama kuwaonyesha gari lake. Akabonyeza rimoti, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Uso ukamshuka mpaka nikamhurumia.

Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi na mawifi, na mama mkwe mtarajiwa tangu asubuhi hajaniambia zaidi ya "marahaba". Nikaona hapa ndipo pa kujipatia jina. Niliwahi kuunga waya wa redio ya nyumbani ikaimba (jioni ikazima, lakini si iliimba?), basi nikatoka na kisu cha ndizi mkononi.

"Baba, naomba nilitazame."

"Unayajua haya mambo, binti?"

"Kidogo tu, baba," nikasema, kwa ile sauti ya mtu anayejua sana.

Nikafungua kifuniko cha chini na shida nikaiona kabisa. Betri inaungana na gari kwa plagi ndogo nyeupe, dume na jike, na kipini kimoja cha jike kilikuwa kimerudi ndani, hakigusi. Fundi wa kweli angekivuta kwa sindano, kikakaa, kazi imekwisha. Mimi nikaikata plagi yote! Nikamenya nyaya kwa kile kisu, na kwa kuwa nyaya za mota zilikuwa jirani nikazisokota humo humo, nyekundu kwa nyeusi sijui ipi na ipi, nikafunga kwa plasta ya kidonda. Magurudumu yakalia vuuu!

"Limepona!" nikapiga kelele, nikaliweka chini.

Likachomoka kinyumenyume.

"Linarudi nyuma!" mzee akaguta.

"Bonyeza mbele, baba!"

"Nimebonyeza!"

Angebonyeza mpaka Krismasi. Rimoti haikuwa na habari tena, betri ilikuwa inailisha mota moja kwa moja, na plagi ambayo mtu angeichomoa gari likazimika ilikuwa mfukoni mwangu, vipande viwili.

Likapita chini ya mchungaji, akainua miguu yote miwili na soda yake mkononi, likagonga mguu wa meza, likageuka, likaelekea kwenye sufuria kubwa ya loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa ya mgando, iliyowekwa chini ipoe. Nikawaza, wakwe wakikosa loshoro kwa ajili yangu, ndoa hakuna. Nikaruka kulidaka. Nikalikosa, nikalala kifudifudi mbele ya ukoo mzima, na wigi langu (la kuazima, mara yangu ya kwanza kuvaa) likaruka kichwani likanasa kwenye antena ya gari, gari likayumba, likaikwepa sufuria na kuendelea na safari, sasa lina manyoya.

"Nguchiro!" akapiga yowe bibi yake Elirehema, aliyekuja kutoka Momela. "Nguchiro kaingia kwenye kuku!"

Kuku wakatawanyika, mbwa akaja mbio, na bibi akainua fimbo yake akapiga mara moja tu. Akaliua.

Mimi nimepiga magoti, kichwa upande mmoja nimesuka, upande mwingine nimefumua (nilijua wigi litaficha). Mzee akaokota gari lake, gurudumu moja likadondoka. Elirehema anatazama viatu vyake. Nikaanza kutafuta lango liko wapi.

Ndipo tukasikia sauti mlangoni pa jikoni. Mama mkwe, yule yule wa "marahaba", ameshika mwimo wa mlango, anacheka mpaka anateleza chini, machozi yanamtoka. Mchungaji akafuata, mzee akajikaza, akashindwa, uani pote pakalipuka. Mama akaja, akavua khanga yake ya mabegani, akanifunga kichwani.

"Inuka, mwanangu," akasema huku bado anacheka. "Twende tukale. Ila redio yangu usiiguse."

Mwanangu! Nikala loshoro sahani mbili.

Tulifunga ndoa baada ya mavuno ya kahawa, gari likapata fundi wake mjini, na wigi nilimlipa rafiki yangu kwa kumsuka mwaka mzima. Ila nimeapa: siku hizi kitu cha mtu kikizimika mbele yangu, mikono naiweka nyuma, natoa pole kama niko msibani, naondoka.