Nilibishana Injini, Nikanyamazia Breki

Msinionee huruma. Kosa nililifanya nikiwa na akili zangu timamu, na mwenzangu akafa. Tangu siku ile watu wanamlaumu marehemu, nami nasikia na kunyamaza. Leo nimechoka kunyamaza!

Mimi ni fundi wa magari hapa Temeke. Shule niliishia darasa la nne, lakini injini naitambua kwa sikio. Gereji nilikuwa na Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, kazi yake kuyajaribu barabarani magari tuliyomaliza kuyatengeneza. Mimi ni Mzaramo. Mnajua wenyewe, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Tunachambana kutwa nzima, na kukasirika ni mwiko.

"Babu yako alitembea kutoka Tabora na jino la ndovu begani," nilikuwa namwambia. "Wewe gari umelijulia wapi?"

"Na wako tulimkuta amelala," alikuwa akinijibu. "Tukampita amelala, tukarudi Tabora amelala!"

Ndivyo tulivyopendana.

Magari tuliyoyabishania zaidi hatukuwahi kuyaona. Mgeni mmoja aliyekaa Msasani alikuwa akituletea gari lake la milango miwili, la Kijerumani, silinda sita. Kila akija aliacha gazeti la magari kwenye kiti cha nyuma, na akaturuhusu tulichukue. Ndani yake mlikuwa na picha za magari yatakayotoka mwakani. Lugha yake hatukuijua, lakini tarakimu ni tarakimu: silinda ngapi, nguvu za farasi ngapi, mwendo gani.

Picha mbili tulizibandika ukutani, juu ya meza ya kazi. Moja ya Mjerumani mpya, milango miwili, silinda sita, mafuta yanapulizwa kwa pampu badala ya kabureta. Ya pili ya Mwitaliano, gari bapa kama kobe aliyekanyagwa, silinda kumi na mbili.

Maganga alikuwa wa Mwitaliano. "Kumi na mbili, mtani! Hiyo si injini, hiyo ni bendi nzima ya matarumbeta!"

"Na kabureta zote zile atazioanisha nani? Moja ikikohoa, zote zimeumwa. Sita zinavuta tangu chini. Hizo zako mpaka zilie kwanza ndipo ziamke."

"Zikiamka utazishikia wapi?"

Tulibishana tukifungua nati, tukabishana tukila mihogo. Siku moja mjumbe wa nyumba kumi alipita akasimama kutusikiliza. Akatikisa kichwa. "Nchi inajenga Ujamaa, nyie mnagombania magari ya mabepari! Na hata kuletwa hayataletwa!"

"Shikamoo mzee," Maganga akasema kwa adabu zote. "Sie tunamchunguza adui tu."

Mzee wa watu alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe.

Wakati ule vipuri vilikuwa shida, na mafuta ya breki ndiyo yalikuwa hayaonekani kabisa. Gari la yule mgeni lilikuja breki zikivuja. Nikabadilisha mipira, nikafunga kila kitu, lakini cha kutia ndani sina. Ili tuweze kulisogeza uwanjani, nikatia maji ya sabuni. Mafundi wengi tulifanya hivyo, mradi gari halitoki getini. Maganga siku hiyo hakuwapo, alikuwa amempeleka mwanawe Shija hospitali.

Maji ya sabuni yanashika breki vizuri, gari likiwa la baridi. Ukifunga breki kwa nguvu mara mbili tatu, magurudumu yanapata moto, maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Hapo pedali inazama hadi sakafuni kama umekanyaga hewa. Mimi nilijua. Yeye hakujua!

Jumamosi moja msimamizi hakuwepo. Ubishi ukawaka kuliko siku zote, na mafundi wenzetu wakatuzunguka wakichochea. Maganga akapiga kofi picha ya Mwitaliano. "Silinda sita haziwezi kumfukuza hata kuku!"

Nami nikasema neno ambalo ningelimeza leo kama ningeweza. "Lile pale la mgeni ni la silinda sita, tena la zamani, huyo mpya ni mdogo wake. Lipeleke Barabara ya Kilwa uone linavyovuta. Au Mnyamwezi bila mzigo begani barabara huioni?"

Wenzetu waliangua kicheko. Maganga naye alicheka, akachukua ufunguo. Mtani hakatai neno la mtani wake mbele za watu. Hilo nalo nililijua.

Akaketi kwenye usukani. Mkono ulikuwa tayari kwenye gia. Hapo ndipo nilipokumbuka maji.

Naandika ukweli: nilikumbuka! Mtakaosema kwamba fundi yule labda alisahau, hapana, sikusahau. Neno lilinifika mdomoni. Lakini ningesema, Maganga angepiga kelele, "Mzaramo kaogopa! Silinda sita zimemkimbia!" na ubishi wote ningeshindwa pale pale. Nikaona aibu. Nikajiambia, ataenda mara moja tu, ni mwendo mfupi, hazitapata moto.

Nikapanda naye. Tulipofika juu ya mteremko wa Mtoni nikashuka, nisimame nisikilize injini. Alikwenda mara ya kwanza. Injini ilivuta kwa sauti moja safi, haikukata. Chini kule akafunga breki, gari likatulia. Moyo wangu nao ukatulia. Akarudi amejaa furaha.

"Mtani, nakubali! Inavuta! Ngoja nirudie, gia ya pili niivute zaidi."

Mara ya pili! Alikuwa amenikubalia mbele yangu, ubishi nimeushinda, sikuwa na kitu tena cha kupoteza. Ningeweza kusema, "Inatosha, ndugu yangu, breki zina maji." Sikusema. Alikuwa ameshanisifu, na zile sifa zilinifunga mdomo kuliko aibu.

Alikwenda. Mbele yake mtu akaingia barabarani na mkokoteni wa nazi. Nikaona taa za breki zikiwaka. Zikazimika. Zikawaka. Zikazimika. Gari halikupunguza hata kidogo! Alikuwa anakanyaga, anaachia, anakanyaga, anatafuta breki ambazo hazipo. Mtu mwingine yeyote angeona taa tu. Mimi niliona mguu wa Maganga.

Akakata usukani kumkwepa yule wa mkokoteni, akaugonga mkorosho.

Nilipomfikia alikuwa ameshakata roho.

Askari walipokuja, yule mtu wa mkokoteni akasema gari lilikuwa likiyumba barabara nzima. Msimamizi akasema Maganga alichukua gari bila ruhusa, na kila mtu anajua alivyopenda pombe mwisho wa mwezi. Wakanigeukia. "Wewe ulikuwa naye. Alikuwa amelewa?"

Nikajibu, "Sijui."

Sijui! Nilikunywa naye chai asubuhi ile. Tone la pombe hakuonja. Neno moja lile likamfanya mlevi hadi leo.

Nikaapa kwamba nitasema mazikoni. Na nilisema, Mungu ni shahidi wangu. Lakini msibani mtani ana kazi yake. Ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayetania ili wafiwa wapumue. Kaburi lilipokwisha watu wakaniita, "Mtani, kazi yako!" Nikashuka, nikajilaza ndani, kama watani tunavyofanya, tunagoma kutoka mpaka tubembelezwe. Udongo ulikuwa baridi mgongoni. Nikaona nyuso zao juu yangu, na machozi yakanitoka.

Nikapaza sauti, "Nizikeni mimi! Mimi ndiye niliyemuua Maganga!"

Wakacheka.

"Mzaramo leo kazidi!" mmoja akasema. "Tazama, hata machozi kayatafuta!"

"Nawaambia kweli! Nilimuua mimi!"

Wakazidi kucheka. Na Mama Shija, mjane wake, ambaye tangu jana yake hakula wala kunena, naye nikamsikia kwa mbali akicheka. Ndugu zake wakanishukuru kwa kumchekesha. Wakanivuta mikono, nikatoka kaburini.

Hapo ningeweza kuwashika mmoja mmoja kando na kuwaambia si utani. Sikufanya. Nilijidanganya kwamba nimeshaungama, kwamba kama hawakusadiki ni shauri yao. Nilijificha nyuma ya kicheko chao.

Miaka imepita. Mama Shija amelea mtoto kwa kuuza vitumbua Mbagala, na amekuwa akiniita shemeji kila tunapoonana. Mimi sijaweza kubishana tena juu ya gari lolote. Picha zile nilizibandua siku ya kwanza niliyorudi kazini. Usingizi wangu ni wa kuibia.

Mwezi huu nilisikia Shija, ambaye ndevu zimeanza kumwota, amepata kazi ya utingo kwenye lori na anataka kujifunza udereva, na mama yake anamkatalia kwa kilio. Nikaenda kwao mchana, nikakaa mkekani, nikamwambia mama yake yote. Maji ya sabuni. Taa za breki. Lile "sijui" langu. Nilimwambia polepole, nikamtazama usoni, ili asidhani natania.

Hakucheka.

Akauliza, "Hakuwa amelewa?"

"Hakuonja hata tone."

Akajifunika uso kwa upande wa kanga. "Shemeji," akasema, "miaka yote hii nimekuwa namwambia mwanangu asije akawa kama baba yake."

Nikainuka. Nikiwa mlangoni akasema, "Mie kuniambia haitoshi. Waliomwita mlevi walikuwa wengi." Ndiyo maana naandika hapa, wote wasome, na kesho naenda kituoni kuyasema haya haya kwa askari. Watakachonifanyia na wanifanyie.

Shija, baba yako hakuwa akiyumba. Aliona mtu mbele yake, akachagua mti.

Nanyi mafundi wenzangu, nanyi wote mnaopenda kushinda maneno: kama unajua kitu kinachoweza kumwua mwenzako, kiseme kabla hajaweka gia. Kiseme hata kama kitakuumbua mbele za watu. Akikucheka, mwache acheke! Mimi ningetoa mikono yangu hii yote miwili nimsikie Maganga akinicheka.