Machozi ya Bwawani

Mkoromo wa kiboko ndio uliotangulia, mzito, ukaitikisa sufuria ya uji jikoni kabla sijaona kitu. Hata leo, tope la bwawa likininukia popote, nausikia.

Baba alikuwa mlinzi wa bwawa la viboko, Mikumi, na tuliishi pale peke yetu. Ndugu zetu walikuwa wamehamia Rudewa, kwenye kijiji cha ujamaa chenye zahanati. Baba alikataa kuliacha bwawa. Mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya alishikwa na homa, akafia mgongoni mwa mama hata barabarani hatujafika. Baba alimzika, akanawa mikono, akarudi kwa viboko wake.

Asubuhi ile alituita ukingoni. Kiboko jike alikuwa akimwinua kwa pua mtoto wake aliyekufa. Akizama, anamwinua tena. Yangeyange waliozoea kusimama mgongoni mwake walikuwa wamejitenga majanini. Baba alikuwa analia.

"Mwone, mama watoto. Tangu juzi hajamwacha."

Mama alimtazama yeye, si kiboko. "Kumbe machozi unayo, baba watoto."

"Nini tena?"

"Wangu hakuwa na mkia, ndiyo maana."

Mama alirudi ndani akafunga furushi la khanga.

"Baba, mwambie tusiende," nilimsihi.

Alikaa kitandani, kofia mapajani. Mama alinitanguliza nje, kisha akaufunga mlango taratibu, kama mtu aliyemwacha mtoto amelala ndani.