Muulizeni Mke Wangu

Mume wangu tulimzika baada ya Pasaka, na kabla mahindi hayajaisha kuvunwa alipita mbele ya nyumba yetu hapa Mjimwema akitangaza dawa ya magoti.

Nilikuwa uani, nimekaa juu ya gunia, napukuchua. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilikuja polepole na spika zake mbili juu ya paa, kwanza muziki wa kinanda, halafu sauti yake. "Mimi ni mwalimu wenu. Mnanijua. Nilikuwa siwezi kupiga magoti kanisani. Leo napiga magoti na nainuka mwenyewe. Na kama hamniamini mimi, muulizeni mke wangu." Jirani yangu wa upande wa pili wa uzio alishika kichwa kwa mikono miwili akaita jina la Bikira Maria. Mimi niliendelea kupukuchua. Nilisikia vizuri kila neno, nikajua ni yeye, nikajua amekufa, na mambo hayo mawili yakakaa kila moja upande wake bila kunigusa. Gari lilipopinda kona nikachukua gunzi lingine.

Tangu msiba nilikuwa hivyo. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walinikalisha kwenye mkeka, wakanishika mabega, wakasubiri nilie ili nao walie vizuri. Sikulia. Baadaye nilisikia wakinong'ona jikoni kwamba labda nilishamchoka. Wala hawakuniudhi. Hata kuudhika kunahitaji nguvu.

Tangazo lile alilirekodi mwaka jana. Muuza dawa alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, kijana mstaarabu, mwenye duka la dawa za asili karibu na soko kuu. Alikuja hapa nyumbani na chupa moja ya dawa na maneno mengi matamu. Mume wangu alikuwa amestaafu, na mtu aliyezoea kusikilizwa na darasa zima akistaafu anabaki kusikilizwa na kuku. Alikwenda kurekodi amevaa koti. Aliporudi nilimuuliza magoti yamepona lini, maana mimi nalala naye na sijaona. Akacheka. "Sijadanganya," akasema, "nimetangulia tu kusema. Yatapona." Nami nikacheka, nikamwekea chai.

Siku ile ile alinieleza jinsi kazi ile inavyofanywa, akinifundisha kama darasa la tano. Kwanza, alisema, wanatafuta sauti ambayo watu wameshaizoea, ndiyo maana hawakumchukua mtu wa Dar es Salaam mwenye Kiswahili cha redio. Yeye alikuwa msomaji wa somo la kwanza kanisani kwa miaka mingi, na nusu ya Songea alishaichapa viboko. Halafu wanauliza maswali ambayo hakuna awezaye kujibu hapana. Je, unaamka umechoka? Je, mgongo unauma? Nani katika mji huu anatoka shamba wakati wa palizi asiamke amechoka? Ukishajibu ndiyo mara tatu moyoni, la nne unalijibu ndiyo bila kufikiri.

Mengine niliyang'amua mwenyewe baada ya kufiwa, kwa kuwa gari lilipita mara kwa mara na mimi sikuwa na pa kwenda. "Leo ndiyo mwisho wa ofa," lilisema, na wiki iliyofuata likasema tena leo ndiyo mwisho. "Wenzako wa Msamala wameshachukua." Nina dada yangu Msamala, nikampigia simu, akaniambia kule linasema wenzako wa Mjimwema wameshachukua. Baada ya sauti ya mume wangu inaingia sauti ya mwanamume mwingine, anasema harakaharaka kwamba dawa hiyo inasaidia pia kisukari na presha, na ukichelewa mguu utakatwa. Mume wangu hakutaja kisukari hata mara moja. Lakini ukisikiliza ukiwa unafua au unakaanga vitunguu, unaona kama yote kayasema yeye. Wanakutisha kwa sauti ya mgeni, wanakutuliza kwa sauti ya mtu wako.

Sishangai sana. Mimi ni fundi cherehani, na mteja akijitazama kwenye kioo huku gauni limembana kiunoni, namwambia limekukaa. Kila mwenye biashara ana maneno yake.

Kile ambacho muuza dawa hakukijua ni kwamba watu wa kwetu ukiwaambia muulizeni fulani, watakwenda kumuuliza. Shahidi akitajwa anafuatwa nyumbani kwake. Walianza kuja. Wanapiga hodi, wananipa pole ya msiba, kisha wanasogeza kigoda. "Eti mama, yale magoti ya Mwalimu yalipona kweli?"

Nikawa nawajibu, "Mmemsikia mwenyewe." Wakachukua hilo kuwa ni ndiyo, wakaenda dukani. Lilikuwa jibu la mtu aliyechoka. Kumwita mume wangu mwongo kaburi bado halijaota majani nilishindwa, na kuisifia ile dawa nilishindwa vilevile. Pale makaburini watu wote waliosimama kusema walisema jambo moja, kwamba Mwalimu hakujua uongo. Hakuacha nyumba kubwa wala gari. Aliacha sifa hiyo, na mimi ndiye niliyebaki kuitunza.

Siku moja nilivaa kitenge nikapanda bodaboda hadi kwa muuza dawa, nikamwomba aiondoe ile sauti kwenye tangazo. Alinipa kiti, akaniagizia soda. "Mama," akasema kwa upole, "mji mzima unampenda Mwalimu. Nikiitoa sauti yake, si nitakuwa namzika mara ya pili?" Nilimtazama. Nilijua kabisa anachokifanya, ni lile lile la kwenye spika. Hata hivyo nilikunywa soda yake, nikarudi nyumbani.

Kisha akaja mzee mmoja. Alifundisha na mume wangu shule moja tangu ujana wao, na ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu siku ya mazishi. Kilikuwa kipindi cha baridi, amevaa makoti mawili. Dereva wa bodaboda alimshusha getini, akaingia akiegemea fimbo, mguu mmoja umefungwa bandeji.

"Shikamoo, shemeji," nikasema.

"Marahaba, mama. Poleni na baridi."

Nilimletea uji. Hakuunywa. Aliniambia sukari imemsumbua sana mwaka huu, kidonda cha mguuni hakifungi, na hospitali wamemwanzishia sindano, asubuhi na jioni. Binti yake ndiye anayemchoma. Amechoka kuchomwa kama mtoto.

"Nimeshanunua ile dawa," akasema. "Ninayo nyumbani, sijaifungua. Wanangu wananikataza. Nikawaambia, ninyi mnabishana na Mwalimu? Mwalimu alishawahi kusema uongo? Wakanyamaza. Sasa nimekuja kwako, maana yeye mwenyewe ameniagiza nikuulize. Ukiniambia alipona, leo hii sindano naziacha."

Nilimtazama ule mguu. Bandeji ilikuwa imelowa upande wa kisigino. Lile jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni, mmemsikia mwenyewe, ni maneno mawili tu na mzee angeondoka ameridhika. Na kesho yake angeacha sindano. Nilitamani mume wangu aingie pale mlangoni ajibu mwenyewe, kwa kuwa swali lilikuwa lake. Nilimkasirikia. Ilikuwa mara ya kwanza kuhisi kitu chochote tangu msiba, na kikaniuma kifuani kama maji ya moto.

"Hakupona, shemeji," nikasema.

Aliinua uso.

"Magoti yake hayakukunjika tena. Kanisani alikuwa anakaa, hapigi magoti, wewe ulikuwa unakaa mbele hukumwona. Asubuhi alikuwa hawezi kuinama. Viatu nilimfunga mimi. Mpaka siku aliyoanguka akafariki, viatu vile alivyovaa nilikuwa nimemfunga mimi. Na kwenye tangazo yeye kataja magoti tu, yale ya sukari kayasema mtu mwingine. Usiache sindano."

Vifaranga waliingia hadi miguuni kwa mzee, hakuwafukuza.

"Kwa hiyo alitudanganya," akasema.

"Alitudanganya."

"Nami nikasimama pale kaburini nikasema vile."

"Ulisema vizuri, shemeji. Alikuwa mtu mzuri."

Aliunywa ule uji, umeshapoa, akaumaliza wote. Nilimsindikiza hadi getini, nikamsaidia kupanda pikipiki, nikamkumbusha tena habari ya sindano, akaitikia kwa kichwa bila kunitazama. Niliporudi ndani nilitaka kukunja mkeka. Nikainama, na mikono yangu ikawa inafanya ile kazi ya kufunga kamba za viatu, pale hewani, kushoto kisha kulia, mguu wenyewe haupo.

Nikakaa chini nikalia. Nililia kwa sauti ya msibani, ile waliyoingojea wanawake wa jumuiya, hadi jirani akaruka uzio na upawa mkononi, ananitikisa, ananiuliza kuna nini, nani amekufa.

Nikamwambia, mume wangu.