Punje za Buluu za Walikale

Siku yangu ya kwanza kazini Walikale nilifika na viatu vinavyong'aa, nikarudi nyumbani ninanuka mayai yaliyooza. Hiyo ndiyo harufu ya salfa inapotolewa ndani ya dizeli, mazutu kama tunavyoyaita, na ninyi vijana mnaosoma kemia mtaizoea tu. Mimi binti wa wafugaji wa Burungu, niliyekulia kwenye samadi, nilitapika mara mbili kabla ya saa sita. Kaka Bahati, fundi wa mabomba kutoka Bihambwe, alicheka hadi akakaa chini.

Kampuni yetu ilikuwa na malori kwenye barabara ya Bukavu–Kisangani, ikataka kujaribu kujisafishia mazutu, maana salfa hula injini na moshi wake huchoma kifua. Mtambo wa majaribio ulikuwa bomba la chuma lenye unene wa paja, limejaa punje za kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha kazi bila chenyewe kuliwa. Punje zilibeba metali mbili, kobalti na molibdeni. Mazutu yalipita humo kwa joto kali pamoja na gesi ya hidrojeni, nayo hidrojeni ikaikamata salfa na kutoka nayo kama ule uvundo.

Shefu wa maabara alikuwa mzee mnyoofu, mwenye kalamu nyekundu mfukoni. Alisahihisha kila kitu, hata barua za mkurugenzi.

Punje za kwanza zilipochoka, likaja pipa jipya, punje za buluu za kupendeza. Tukajaza nusu, tukawasha. Kipimo chetu kilikuwa kipande cha shaba: unakisugua king'ae, unakizamisha kwa muda wa saa tatu ndani ya mazutu ya moto. Kikitoka cheusi, salfa mbaya imebaki. Kilitoka cheusi kama sufuria ya harusi, siku tatu mfululizo.

"Mkurugenzi amechoka na siye," Shefu alituambia. "Kama haitengenezeke, siku ya Ijumaa tunafunga. Kila muntu anarudi kwao."

Bahati alikuwa na watoto wanne. Siku hiyo hakucheka, na mimi niliogopa kwelikweli.

Nikachukua kitabu cha mtambo. Ukurasa mmoja ulikuwa umekatwa kwa wino mwekundu. Uliagiza kwamba kabla ya kuanza, punje zilishwe salfa polepole mpaka zigeuke nyeusi.

"Papa Shefu, hii ulikata sababu gani?"

"Ni makosa ya imprimerie, kule walichapa kitabu, dada. Tulikuya kutoa salfa, sasa tuingize ingine ya nini?"

"Papa, kwetu kibuyu mupya haipewake maziwa mbele ya moshi. Mama anachoma majani, anafukiza ndani kwanza. Bila ile, maziwa inaharibika. Pengine hizi punje nazo zinaomba moshi yao."

"Ayi! Sasa tunafuga ng'ombe mu laboratoire!" Bahati akasema.

Shefu alivua miwani, akasoma ule ukurasa mara mbili. Kisha akasema taratibu, "Pipa ya kwanza ilifikaka nyeusi." Wauzaji walikuwa wameilisha salfa huko huko, ndiyo maana hatukuwahi kuhitaji hatua ile.

Tulizimwaga punje zilizoharibika na kujaza nusu ya pipa iliyobaki, nafasi yetu ya mwisho. Siku mbili tulizilisha salfa, joto likipanda kidogo kidogo. Alhamisi tulipitisha mazutu, tukazamisha kipande cha shaba, na saa zilipotimia Shefu aliniambia nikitoe. Kilitoka chekundu, kinang'aa, nikajiona meno. Nilipiga vigelegele, Bahati akacheza katikati ya mabomba.

Baadaye nilihamishiwa ghala la mafuta Masisi, nikarudi Walikale kuwa shefu mwenyewe, na nimefanya kazi chini ya wakubwa wenye vyeo virefu kuliko majina yao. Sasa nimestaafu, ninakunywa maziwa yangu kwa raha. Vijana wakiniuliza mkubwa mzuri ni yupi, nawaambia habari za Ijumaa ile.

Shefu alituita wote, na mkurugenzi akiwapo. Alisoma ukurasa ule kwa sauti, kutoka juu hadi chini.

"Huyu dada ndiye aliokoa kazi," akasema. "Ule alikata hii page, ni mimi."

Kisha akaniwekea kalamu yake nyekundu mkononi, akaenda kuwasha mtambo.