Jiwe la Mama Lililopakwa Siagi

Mama alikuwa akilipaka siagi lile jiwe tangu mimi sijaolewa. Lilikaa kwenye rafu ya mbao juu ya zizi la ndama, humo humo ndani ya nyumba, katikati ya vibuyu vya maziwa. Jekundu, kubwa kama ukwato wa dume. Kila alipotikisa maziwa siagi ikatoka, alipaka vibuyu visipasuke, akapaka miguu yake, na vidole vikiwa bado vina mafuta akalipitishia na jiwe. Kwetu Maretadu kitu unachokipenda hukiachi kikauke. Hakuna aliyeuliza ni jiwe gani. Lilikuwa jiwe la mama, basi.

Shida ililetwa na mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Mwaka huo mvua ilikatika mapema, maharage yakakaukia kwenye maua, na mahindi hayakuwa ya kumwonyesha mgeni. Rafiki yake akampigia simu kutoka machimbo ya Mirerani kwamba kuna shimo linatafuta vijana. Akafunga begi. Ngoja niseme wazi, maana hapa ndipo penye kidonda: kaka yetu mkubwa alifia shimoni huko huko. Kifusi kilimfunika, akaletwa nyumbani amezungushiwa turubai, na wanaume wakamkataza mama asifungue. Halafu na huyu naye anafunga begi. Nilipopata habari nilitoka Bashay nilikoolewa, nikaacha suruali ya mteja kwenye cherehani ina mguu mmoja, nikaja kumpasha. Nilimsema mpaka koo likakauka. Alinisikiliza, kisha akaniuliza kwa upole kama mimi ndiye nitakayempa shamba la kutosha. Swali hilo lilinikera kuliko kutukanwa.

Kesho yake asubuhi alikuwa ameketi anapekua simu, anatazama picha za madini, ugonjwa wao vijana. Mara akainua kichwa. Akatazama simu, akatazama rafu. Akalishusha jiwe, akaliwekea tochi ya simu kwa nyuma, na upande mmoja ukawaka wekundu mzito wa damu. Alisema hiyo ni rubi. Alimuuliza mama alilitoa wapi. Mama akajibu kwamba aliliokota zamani, akamnyang'anya, akalifunga kwenye kona ya kanga. Alikaa akiipapasa ile kona. Mimi nilidhani analipenda jiwe lake. Kumbe alikuwa anapiga mahesabu.

"Tutalipeleka kwa wanaojua mawe," alisema. "Likiwa la kweli, begi unalifungua. Likiwa si kitu, nenda, sitatia neno tena."

Mdogo wangu akakubali papo hapo. Mimi nilimaka. Mtu mzima anamwekaje mwanawe dau, tena kwa jiwe? Lakini maneno yalishatoka, na yule kijana ana sifa moja, akisema amesema. Tangu dakika ile roho yangu ikawa juu juu. Mimi ambaye kanisani naombea mvua na watoto, nikaanza kumwomba Mungu jiwe.

Tulikwenda Katesh siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo ndipo huja mnunuzi mmoja wa mawe, amepanga chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Njia nzima mama alikuwa ameshika ile kona ya kanga kwa mikono miwili. Kule nje ng'ombe wa wafugaji wa tambarare wanalia, vumbi limepanda, madalali wanaitana, na sisi tumekaa kwenye benchi tunasubiri zamu yetu kama watu waliokuja kupima damu.

Mnunuzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, akamwamkia mama shikamoo kabla hajagusa chochote. Kwa hilo nilimpa maksi. Kisha akalishika jiwe, na uso wake ukabadilika. Akalisugua kwa kidole gumba. Akalinusa. Akalirudisha mezani, akalisukuma kuelekea kwetu.

Alisema limetiwa mafuta. Alisema wajanja wanajua jiwe lenye nyufa ukilitia mafuta nyufa zinajificha na rangi inakolea, na wengine hufanya hivyo hata kwa chupa iliyoyeyushwa. Hakutaja mwizi, ila alitutazama vile mtu anavyotazama maziwa yaliyoongezwa maji.

Hapo nikasahau adabu. Nilimwambia mama yangu hajawahi kumdhulumu hata kuku, na kwamba kama anataka kujua mwizi anafananaje, akachungulie mizani yake. Mdogo wangu akanivuta mkono nikae. Mama ndiye aliyetuokoa. Alimweleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, habari za vibuyu na siagi na miguu yake, na kwamba jiwe lilipakwa kwa sababu lilikuwa la nyumbani, halikupakwa lipate kuuzwa. Yule mnunuzi alimsikiliza. Mwisho akasema anaweza kumwamini mama, lakini hawezi kuliamini jiwe mpaka lioshwe. Lichemshwe kwa sabuni ya unga, maji yabadilishwe, lichemshwe tena, hadi lisinuke. Akaonya kwamba likitoka huko linaweza lisiwe lile tulilolizoea. Mama aliitikia kwa kichwa tu.

Tulimwomba mama ntilie mmoja sufuria yake mbovu. Alidhani tunachemsha dawa. Povu lilipanda la kijivu, limebeba mafuta ya miaka ambayo hata hatukuihesabu, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikaenea mpaka wateja wakahama meza. Mama alichutama karibu na moto hakusogea. Maji ya tatu yalipotoka safi, tukaliopoa kwa kijiko, likakauka kwenye jua juu ya gunia.

Nilitamani kulia. Wekundu ulikuwa umekimbia, limebaki na rangi ya ini lililolala, na nyufa kila upande kama tope la bwawa kiangazi. Mdogo wangu alilitazama, akatazama upande wa stendi. Niliona anavyotazama. Moyoni alishaondoka. Nilimchukia wakati ule, tena nilitaka kumshika miguu asiende.

Tukarudi kwa mnunuzi. Safari hii alifanya kazi yake yote. Akalikwaruza kwa jiwe jingine, lile jingine ndilo likaumia. Akalipima hewani, akalipima ndani ya maji, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwisho akafunika meza kwa kitambaa cheusi, akawasha taa ndogo ya buluu, akamwita mama aingize kichwa. Mama aliinama. Alikaa humo chini ya kitambaa, na sauti yake ikatoka imezibwa.

"Linawaka," alisema.

Na mimi nilichungulia. Lilikuwa kaa la moto. Mnunuzi akazima taa, akasema chupa haiwaki vile, hiyo ni rubi, ya kweli, ya ardhini, haina wasiwasi. Mama akamgeukia mdogo wangu, akamwambia begi lifunguliwe. Nilimkumbatia mama pale pale, mate na machozi.

Mnunuzi hakuwa amemaliza. Akasema rubi na rubi hazilingani. Hii nyufa zimeimaliza, haikatwi ikatoka kitu cha kuvaa. Labda wachonga sanamu wangeitaka. Akataja alichoweza kutoa. Ilikuwa bei ya ndama, tena aliyekonda.

Ndipo tulipojua kwamba pale nyumbani tulikubaliana kitu kimoja, kila mtu akielewa chake. Mama aliuliza kama jiwe ni la kweli. Mdogo wangu aliuliza kama atapata shamba. Hakumkosea mama adabu. Alisema tu kwamba ameshinda, atafungua begi kama alivyoahidi, lakini mwezi ujao watakula nini? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini uchungu haupandwi ukaota mahindi.

Laiti mnunuzi angeishia hapo. Akiwa anafunga kisanduku chake, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba jiwe kama hilo halizaliwi peke yake. Lilikotoka huenda kuna ndugu zake wasio na nyufa. Mtu akipajua mahali, akate leseni ya mchimbaji mdogo, ajaribu.

Mdogo wangu akamtazama mama. Na mimi nikamtazama, nikimwomba kwa macho aseme hakumbuki. Aseme lililetwa na mto. Alikuwa mzee, nani angembishia? Mama alifunga jiwe kwenye kanga, akafungua, akafunga tena.

"Napajua," alisema. "Nitakuonyesha. Kama ni lazima uingie ardhini, utaingia mahali ambapo nikikuita utanisikia."

Nilimkasirikia mama mwezi mzima. Nilimpigia simu nikamwambia amemchimbia mwanawe kaburi nyuma ya shamba, maneno ambayo hayaambiwi mzazi. Yeye aliniuliza hali ya watoto.

Shimo liko kwenye korongo chini ya shamba letu, limetiwa magogo kila hatua. Leseni ipo. Rubi hakuna bado, ni vipande vya rangi ya ini. Mama huteremka asubuhi na kigoda chake, anakaa mdomoni mwa shimo mpaka jioni, na mara kwa mara anamwita mwanawe kwa jina. Chini huko anaitika, mama anaendelea kupepeta maharage yake.

Wiki iliyopita nilikwenda kuwaona, nikakaa naye. Mama akaita. Kimya. Akaweka ungo chini, akaita tena, sauti imepanda. Kimya. Nilishika mkono wake, na sote wawili tukainama juu ya lile giza, mimi nikiwa nimesahau hasira zangu zote. Akaita mara ya tatu, na safari hii aliita jina la marehemu kaka yetu.

"Naam, mama," mdogo wangu akaitikia kutoka chini.