Mbuzi Kwanza: Barua ya Mama Kulwa na Kalamu Yangu Nyekundu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwaitikia marahaba wanawake waliomzidi mama yangu umri, na hadi leo nikikumbuka naona haya. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimepangiwa shule ya msingi kule Itetemia, wakati ambapo ukitoka mjini Tabora kwenda huko ulipita mashamba matupu. Asubuhi tulifundisha watoto. Saa nane mchana madawati yaleyale yalikaliwa na wanafunzi wa kisomo, yaani watu wazima waliokuja kujifunza kusoma na kuandika. Nilipoingia walisimama wote wakasema, "Shikamoo mwalimu." Nami kwa mazoea ya asubuhi nikajibu, "Marahaba, kaeni."

Mwalimu Mkuu, mzee wa Kimoraviani asiyepandisha sauti hata mvua ikipiga bati, alikuwa nje ya dirisha. Aliniita ofisini.

"Umewaitikia, mwalimu?"

"Nimewaitikia, mzee."

"Basi kesho fika kabla yao, usimame mlangoni. Kila anayepita, wewe ndiye wa kumwamkia. Wakishakaa, fundisha."

Nilifanya hivyo kwa miaka yote niliyokaa Itetemia. Mwanzoni niliona ni adhabu, baadaye nikaona ndiyo saa niliyoipenda kuliko zote katika siku.

Niseme mapema kwamba nilikuwa na mdomo. Mimi ni binti wa fundi cherehani wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, na sisi watu wa mjini tulijiona Kiswahili tumezaliwa nacho. Babu zetu walikizungumza na wapagazi wa misafara kabla reli haijafika, basi nani wa kutufundisha? Nikiwa mdogo nilikaa dukani kwa baba nikiwasahihisha wateja wake. Mtu kaja kupunguza suruali, anaondoka na somo. Siku moja baba alisimamisha cherehani akaniambia, "Mwanangu, huyu kaleta kitambaa, hakuleta ulimi." Sikumsikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na la kwangu lilivunjikia Itetemia.

Kazi ya mwalimu wa sarufi siku hizo ilikuwa na utaratibu. Kila Jumatatu ulimpelekea Mwalimu Mkuu andalio la somo, karatasi inayoonyesha utafundisha nini, kwa hatua zipi. Ulifundisha ngeli, yaani makundi ya majina, kisha upatanisho, yaani namna kitenzi kinavyolifuata jina lake. Ukamalizia na imla: wewe unasoma polepole, wao wanaandika wanachokisikia. Halafu ulikusanya madaftari, ukachukua kalamu nyekundu. Ya kwangu niliinunua mwenyewe na sikumwazima mtu. Daftari likirudi halina wekundu, niliona kama sijafanya kazi.

Katika darasa la kisomo alikuwamo Mama Kulwa, mjane, mama wa pacha Kulwa na Doto. Kulwa alikuwa ameolewa palepale kijijini. Doto alikuwa Uvinza, akifanya kazi kwenye machimbo ya chumvi, na ndiye aliyemleta mama yake shuleni bila mwenyewe kujua. Baba yao alipofariki, Doto aligombana na baba yake mdogo juu ya shamba, akaondoka. Baadaye yule baba mdogo akatafuta mwandishi, akamwandikia kijana barua kwa jina la mama yake: njoo, nakuita. Doto akaja mbio. Akakuta mama hana habari, na kumbe wazee wamekwisha kaa barazani wanamsubiri kwa kesi. Akapanda treni kurudi siku ileile. Alimwachia dada yake neno moja: hatarudi mpaka mama amwite mwenyewe, kwa maneno yake.

Mama Kulwa alinieleza haya siku aliyojiandikisha. "Mwalimu, sitaki cheti," alisema. "Nataka barua moja tu."

Alijifunza kwa mwaka mzima na zaidi. Vidole vilivyozoea jembe haviishiki kalamu kwa urahisi, lakini hakukosa hata siku moja, isipokuwa wiki mbili za kuvuna tumbaku. Siku ikafika akaniletea daftari lake. Naikumbuka barua ile neno kwa neno:

"Doto, mwangaluka. Hapa tumeamka. Mbuzi wameamka, yule wa pembe moja naye ameamka, bado mbishi. Kulwa ameamka na wanawe. Mimi mayu wako nimeamka, ila goti limekataa kuamka. Nyumba yako nafagiaga. Njoo."

Kwa wasiotoka kwetu, mwangaluka ndiyo salamu ya asubuhi ya Wanyamwezi, na mayu ni mama. Mtu wa huko hakuulizi hali yako peke yako, anaipitia nyumba nzima mpaka zizini. Mimi nilichoona ni makosa. Nilifuta mwangaluka kwa kuwa si Kiswahili. Nilifuta mbuzi kwa kuwa hawahusiki. Goti haliamki, nikalipiga mstari. Nafagiaga, mstari mara mbili. Kisha nikamwandikia pembeni namna barua inavyotakiwa kuwa, anwani juu kulia, tarehe chini yake, halafu: "Mpendwa mwanangu Doto, natumaini hujambo. Madhumuni ya barua hii ni kukujulisha kuwa sisi sote ni wazima. Ninakuomba urejee nyumbani mapema iwezekanavyo. Wako akupendaye, Mama."

Aliinakili kwa mkono wake, safi kabisa. Nikampa tisa juu ya kumi. Akacheka kwa furaha, nami nikaipeleka posta mwenyewe.

Jibu lilikuja kwa sanduku la shule. Mama Kulwa alikataa kusomewa. Alisimama mbele ya wenzake akaisoma silabi kwa silabi, barua ya kwanza kuipokea maishani mwake:

"Wewe uliyeandika, mimi sikujui. Mayu wangu hanaga madhumuni. Mayu akisalimia huanza na mbuzi. Baba mdogo, mwache mama yangu. Usiniandikie tena."

Mama Kulwa aliikunja karatasi, akakaa, akaniambia bila hasira, "Mwalimu, anasema mimi si mimi." Katika miaka yangu yote ya kazi hakuna mkaguzi aliyewahi kunisema vikali kuliko hivyo.

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikalia. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Barua uliyomfundisha ni ya kuomba kazi. Yule mama haombi kazi."

"Nifanye nini, mzee?"

"Koleo likivunjika si mwisho wa uhunzi. Kesho nenda darasani bila kalamu yako."

Kesho yake kalamu nyekundu ilibaki ofisini. Nilikaa kwenye dawati pamoja na Mama Kulwa, bega kwa bega.

"Goti niliandike?" aliniuliza.

"Liandike."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi kwanza."

Aliandika kurasa mbili. Mwanzoni alimsimulia mwanawe namna barua ya kwanza ilivyotokea, na mwalimu wa mjini alivyowafuta mbuzi. Sikugusa herufi. Alipoinakili, nikaipeleka posta.

Tukiwa bado tunasubiri majibu akaja Mkaguzi wa shule kutoka wilayani, akakagua madaftari. Alilifikia la Mama Kulwa, lenye rasimu ya barua ya pili, akainua macho.

"Mwalimu wa sarufi unaachia nafagiaga?"

"Huyu mama hufagia kila siku, mkaguzi. Ndivyo anavyosema."

"Ukurasa huu haujasahihishwa."

"Nimeusoma wote. Sikuona cha kuondoa."

Aliandika sentensi moja katika taarifa yake, na kwa sentensi hiyo kuthibitishwa kwangu kazini kukachelewa mwaka mzima. Niliumia, sitadanganya. Lakini kilichokuwa kikininyima raha wakati huo kilikuwa Uvinza.

Wiki ziliendelea kupita, Mama Kulwa akiendelea kuja. Kisha mchana mmoja nimesimama mlangoni nikiwaamkia kama kawaida, wote wameshapita, nikaona mwanamume anakuja na mfuko wa turubai begani. Nikampa nafasi. Hakuniuliza kitu. Alisimama kizingitini akatazama madawati mpaka akampata aliyekuwa akimtafuta.

"Mayu," alisema, "goti limeamka?"

Mama Kulwa aliweka kalamu chini. "Leo limeamka," akajibu, na akasimama.

Siku hiyo sikufundisha.

Nilihamishiwa Urambo, na miaka mingi baadaye nikarudi Tabora mjini kumalizia kazi katika shule ya Cheyo. Kote nilikopita nilifundisha kwa kurasa mbili. Ukurasa wa kushoto mwanafunzi anaandika kama anavyosema kwao, na hapo kalamu yangu haifiki. Ukurasa wa kulia anayaandika yaleyale kwa Kiswahili sanifu, na hapo sikumhurumia mtu. Wapo wakuu wa shule walioniona napoteza karatasi. Lakini watoto wangu hawakuogopa kuandika, na kwenye mtihani upatanisho haukuwashinda. Sarufi naipenda mpaka sasa. Nikisikia mtangazaji anaharibu ngeli naisahihisha redio, na wajukuu wananicheka.

Nilipostaafu, Cheyo walinipa khanga doti mbili na chupa ya chai. Baada ya hotuba alikuja Mama Kulwa, mkongwe tayari, ameshikwa mkono na Doto. Alinipa karatasi iliyokunjwa. Nimeitia kwenye fremu, ipo sebuleni kwangu:

"Mwalimu, mwangaluka. Hapa tumeamka. Mbuzi wameamka. Doto ameamka, wanawe sita wameamka. Wewe umechoka, pumzika. Barua hii usisahihishe."

Ina makosa manne, nayajua yalipo. Kila asubuhi nikipita hapo huyasalimia.